Usukani wa Msusi

Siku ya kumi na mbili tangu Maziwa aanguke na pikipiki, mkewe aliamka, akajifunga kitambaa kiunoni, akafunga mlango wa chumba chake cha kusukia na kubandika karatasi: LEO HATUSUKI. Na ilikuwa Jumamosi, jamani, siku ambayo wanawake wa mtaa mzima hukumbuka kwamba wana vichwa. Mteja wa saa tatu alipofika aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akagonga dirisha kwa upole kuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," Msusi alimjibu kutoka ndani. "Nafunga usukani."

"Unafunga nini?"

"Usukani wa pikipiki. Njoo Jumatatu, nitakupunguzia bei."

Mteja akaenda zake akicheka peke yake barabarani, na kabla chai haijapoa mtaa mzima ulikuwa na habari. Wengine walisema mwanamke yule maisha yamemshinda. Wengine walisema aliyeshindwa ni mume. Msusi hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza, alikuwa ameinama chini ya kitanda anatafuta spana.

Mumewe aliitwa Maziwa kwa sababu ya kazi yake. Kila alfajiri alipakia madumu ya maziwa kwenye pikipiki akawapelekea wenye migahawa na wenye watoto wadogo, na kwa miaka tisa hakuna aliyeona haja ya kumwita jina lingine. Jumatatu ya wiki iliyopita, alipokuwa anavuka tuta la barabarani, raba ya mkono wa kushoto ilichomoka kwenye usukani ikabaki kiganjani mwake. Raba anayo, pikipiki imeshakwenda zake! Lita arobaini zilimwagika, usukani ukapinda, na kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba hadi daktari akakifunga bandeji. Jumapili aifungue, daktari alisema, aanze kuendesha taratibu. Kukaza spana asithubutu kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo usukani ulihitaji mikono mingine, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fundi wa karibu, mwenye kibanda kando ya kijiwe cha madereva, ndiye ambaye Maziwa alimtaja akiwa bado amelala chini. "Raba za fundi yule!" alipiga kelele mbele ya watu waliokuja kumwinua. "Zimeniua!" Kweli raba zilinunuliwa kwake. Lakini zilifungwa nyumbani, uani, na Maziwa mwenyewe, siku ambayo fundi alikuwa na foleni na Maziwa hakuwa na subira. Hilo halikusemwa. Kufika jioni habari ilishaota miguu: fundi kafunga raba vibaya, fundi alitaka kuua mtu. Maziwa alisikia, akanyamaza. Aliamini kwa dhati kwamba raba zilikuwa mbovu, na kati ya raba mbovu na ufungaji mbovu hakuona tofauti ya kumkosesha usingizi.

Sasa umoja wa madereva ulikuwa umeitisha mkutano, leo saa kumi jioni. Jambo moja tu: fundi abaki na kibanda chake au aondoke. Shahidi mmoja tu: Maziwa. Mwenyekiti alikuwa ametuma neno kwamba aje na pikipiki yenyewe watu waione.

*

Duka la vipuri lilikuwa mlango wa pili kutoka kwenye kibanda cha fundi. Msusi aliingia akiwa ameshika uzi wa kusukia wenye mafundo matatu, maana usukani wa zamani ulikuwa bado kwenye pikipiki na yeye vipimo vyake vyote maishani huvichukua kwa uzi. Fundo la kwanza hadi la pili lilikuwa upana wa usukani, la pili hadi la tatu lilikuwa mzunguko wa bomba.

"Umetumwa na fundi gani?" muuza vipuri aliuliza. Alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hana haraka na mtu.

"Sijatumwa."

"Nani anafunga?"

"Mimi."

Wanaume wawili waliokuwa wameegemea meza walitazamana. Mmoja, kichwa chake kimetoka upara hadi kisogoni, akasema, "Dada, na injini unashusha lini? Nikuletee yangu."

"Ilete," Msusi alisema. "Nikimaliza injini nitakusuka na wewe, Mungu akijalia kupatikana cha kusuka."

Mwenzake alicheka hadi akakohoa. Muuza vipuri hakucheka, lakini alichukua ule uzi, akaulinganisha na sukani nne alizokuwa nazo, akampa wa tatu. Fedha zilitoka kwenye kopo la kununulia nywele za bandia, na Msusi alizihesabu bila kuzitazama sana. Kisha muuza vipuri akaweka raba mbili mpya juu ya meza, akazifunika kwa kiganja kama mtu asiyetaka kuziachia.

"Nisikilize vizuri. Raba za zamani zitakuwa zimeng'ang'ania bomba. Usivutane nazo, zichane kwa kisu. Na hizi mpya, usipake mafuta."

"Kwa nini?"

"Zitaingia vizuri, utafurahi. Baada ya wiki mbili tatu zitakutoka mkononi. Mafuta yakiingia ndani ya raba hayakauki, yanakaa tu yakikungoja. Paka kitu kinachokauka. Wanaume nikiwaambia hivi wananijibu wanajua. Ndiyo maana raba nauza nyingi."

Msusi akakumbuka. Wiki tatu kabla ya ajali alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama mumewe anavyohangaika uani, jasho linamtiririka, raba imekwama katikati ya bomba haiendi mbele wala hairudi nyuma. Na yeye, kwa mdomo wake, alisema: pete ikinasa kidoleni tunafanyaje? Akaenda kumletea mafuta ndani ya kifuniko cha sufuria. Raba ikaingia papo hapo. "Mke wangu ndiye fundi," Maziwa alisema siku ile, na Msusi alitembea na sifa hiyo wiki nzima, anaisimulia kwa wateja.

Alilipa akatoka. Fundi alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake juu ya kreti, mikono mitupu magotini. Hapakuwa na pikipiki hata moja. Pale palipokuwa na pampu ya upepo palibaki alama tu ya mraba ardhini.

"Habari za asubuhi," Msusi alisema.

"Salama, mama."

Mama! Mtu huyu alikuwa akimwita shemeji tangu siku ya harusi yake, na harusini ndiye aliyekula mara tatu akasingizia anapima chumvi.

"Usukani mzuri huo," fundi alisema akitazama kando. "Bomba zito."

"Asante," alijibu, akaondoka haraka. Aliona haya hadi alipofika nyumbani.

*

Uani Maziwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wenye bandeji kifuani, ule mzima ukiwa tayari kuamrisha. Mama yake, bibi mwenye ulimi usiozeeka, alikuwa ukutani anachambua maharage.

"Anza na vioo," Maziwa alisema. "Halafu swichi. Halafu mkono wa klachi. Usichanganye skrubu."

Msusi hakuchanganya. Aliwahi kufumua vichwa vya misuko mia mbili bila kupoteza hata ushanga mmoja. Alileta sinia lake la vibanio, akapanga skrubu kwa mistari, kila moja kwa mpangilio wa ilikotoka. Raba ya kushoto haikuwepo, ilikuwa ndani ya mfuko tangu siku ya ajali, inasubiri kuonyeshwa mkutanoni. Ikabaki ya kulia, ile inayozungushwa kuongeza mwendo. Akachukua kisu.

Kisu hakikuhitajika. Alipoishika tu na kuizungusha ilimtoka mikononi kama ndizi mbivu kwenye ganda lake. Ndani ilikuwa inang'aa. Akainusa, akaenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Nusa."

Maziwa alinusa. Akanusa tena, labda mara ya pili ingeleta harufu nyingine.

"Mafuta," akasema.

"Mafuta yangu."

"Lete na mimi," bibi alisema, akaisogeza raba puani. "Ya kikaangoni haya. Kuna samaki humu."

"Ndiyo, mama. Nani atoe mafuta safi kwa ajili ya pikipiki?" Msusi akaketi chini, akawaeleza aliyoambiwa dukani, neno kwa neno, hakujionea huruma. Alipomaliza, Maziwa alikuwa anatazama madole ya miguu yake.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo raba hazikuwa mbovu. Tumeziharibu sisi. Na jioni mtu anafukuzwa."

"Mimi sikusema amefunga yeye. Nilisema raba zake. Watu ndio walioongeza."

"Na ulipowasikia wakiongeza?"

Bibi akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Mwanangu amelazwa siku mbili, mkono umevimba. Leo mnataka akajianike? Fundi ni mwanamume, atapata kibanda kwingine."

"Mwanaharamu atapita, mama, na fundi atapita na njaa yake. Pampu yake ya upepo haipo."

Maziwa akainua kichwa. "Ameipeleka wapi?"

"Mtu akikosa kazi, vyombo vya kazi huvipeleka wapi?"

Bibi akaendelea kuchambua, lakini polepole. Maziwa alisimama, akazunguka pikipiki, akaketi tena.

"Unajua unachonitaka?" alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyebanwa na ukweli. "Nisimame mbele ya madereva thelathini niseme nilipaka mafuta ya samaki kwenye usukani. Miaka tisa naitwa Maziwa. Wataniita Samaki hadi nife!"

Msusi nusura acheke. Lakini uchungu ulikuwa mwingi kuliko kicheko. "Sikulazimishi. Lakini usiposema wewe, nitasema mimi."

"Utanivua nguo mbele za watu?"

"Nitaanza kujivua mimi. Mafuta nilitoa mimi, na ushauri nilitoa mimi. Ulinisifu, nikazipokea sifa. Lawama nayo nitaipokea."

"Funga usukani kwanza," Maziwa alisema.

"Nafunga. Sijasema siufungi."

Akaufunga kweli. Bomba la zamani lilitoka, limepinda kama mguu wa kiti kibovu, jipya likalala mahali pake. Boliti zilikuwa nne, na Maziwa, hata katika hasira yake, hakuweza kuona kazi inaharibika akanyamaza. "Zamu kwa zamu! Usimalize moja ukaisahau nyingine, litakaa upande."

"Najua. Hata kichwani ukivuta upande mmoja mtu anaondoka macho yamekwenda kombo."

Boliti ya mwisho ilikuwa na kutu. Spana iliteleza, vidole vyake vikagonga chuma, ngozi ya vidole viwili ikachubuka. Bibi akasema, "Acha, mwanangu, si kazi yako hiyo." Msusi alichana kitambaa kwa meno, akajifunga, akairudia ile boliti kwa mikono miwili hadi ikakubali. Mikono ya breki na klachi ikarudi, swichi zikarudi, skrubu zikapungua kwenye sinia hadi likabaki tupu. Nyaya zilizokuwa zinaning'inia alizibana kwa vibanio vyake mwenyewe, zikapendeza.

"Sasa raba," Maziwa alisema. "Maji ya sabuni yako wapi?"

Msusi aliingia ndani akarudi na kopo la dawa ya kupulizia nywele.

"Unataka kuisuka?"

"Hii ikiwa mbichi inateleza. Ikikauka, bi harusi anacheza usiku kucha na unywele haujatikisika." Akapuliza ndani ya raba, akapuliza kwenye bomba, akasukuma kwa kiganja. Raba ikaenda. Akafanya na ya pili. Uani kukanukia kama kwenye maandalizi ya sherehe. Wakasubiri hadi bibi alipomaliza maharage yote, kisha Maziwa akashika raba ya kushoto kwa mkono wake mzima.

"Vuta," Msusi alisema.

"Navuta."

"Vuta kama mwanamume!"

"Navuta, mwanamke, haitoki!"

Na kwa mara ya kwanza siku ile walicheka wote watatu. Maziwa ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Aliangalia jua lilipofika ukutani, akasema twendeni, saa kumi haiko mbali. Hakusema atasema nini huko, na Msusi hakumwuliza. Alikuwa ameshaamua ya kwake.

*

Pikipiki waliisukuma, yeye usukani, mumewe nyuma kwa mkono mmoja. Kijiweni mabenchi yalikuwa yamejaa. Fundi alisimama peke yake karibu na nguzo ya kibanda. Na hapo hapo, chini ya nguzo nyingine, palikuwa na sanduku jekundu la spana, jipya, na mwenye sanduku amelikalia: mtoto wa dada yake mwenyekiti. Mkutano haujaanza, vyombo vimeshahamia! Msusi alipoliona, wasiwasi wote aliokuwa nao ukageuka ukali.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa sauti ya asali. Alimpa pole Maziwa, akamsimamisha katikati, akainua ile raba ya kushoto watu waione.

"Hatutaki kukuchosha, ndugu yetu, na mkono huo. Swali ni moja tu. Raba hii ulipata kwa fundi huyu?"

"Nilipata kwake," Maziwa alisema.

"Imetosha. Kaa."

Na jibu lilikuwa la kweli, hapo ndipo penye mtego. Hakuna aliyemdanganya mtu. Angeketi, mambo yangekwisha, na asingekuwa amesema uongo hata wa nukta moja. Msusi aliona magoti ya mumewe yakianza kukunjika kuelekea benchi. Akafungua mdomo.

Maziwa akanyooka.

"Haijatosha, mwenyekiti."

"Tumekuelewa, ndugu."

"Hamjanielewa, maana sijasema. Raba nilinunua kwake, ila hakunifungia. Aliniambia nisubiri, nikaona najua. Nilizifunga nyumbani, zikakataa kuingia, nikazipaka mafuta. Ndiyo yaliyoichomoa raba. Nimejua leo. Lakini kwamba hakufunga yeye, hilo nilijua tangu siku ya kwanza, na niliposikia mnasema kafunga yeye, nilinyamaza."

Kisha sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Mafuta gani?"

"Ya jikoni."

"Yaliyokaanga nini?"

"Samaki."

Kijiwe kilipasuka kwa kicheko. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi, wallahi. "Samaki!" wakaita. "Samaki, maziwa yanakuja lini?" Maziwa alisimama pale pale, masikio yamemwiva, hakuinamisha kichwa. Msusi alimpenda wakati ule kuliko siku aliyomwoa. Akapita katikati ya mabenchi hadi aliposimama mumewe.

"Mafuta nilimpa mimi," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja. "Na mimi ndiye niliyemwambia apake. Kama mnacheka, mgawanye."

"Mama, hiki ni kikao cha madereva," mwenyekiti alisema.

"Najua. Na usukani mnaouona pale nimeufunga mimi. Leo nina haki ya kusema."

Mwenyekiti akasema hata hivyo kuna malalamiko mengine, akawaita waliolalamika. Walikuwa wawili. Wa kwanza alidai ana haraka. Wa pili, kijana mkweli kuliko alivyopanga, akasema, "Mimi niliposikia ya Maziwa ndipo nikakumbuka ya kwangu." Wakapiga kura kwa mikono, na mikono ya kumwondoa fundi ilikuwa minne, mmoja ukiwa wa mwenyekiti. Mtoto wa dada yake alibeba sanduku lake jekundu begani, akapita nyuma ya kibanda asitazamane na mtu.

*

Watu walipotawanyika Maziwa alimfuata fundi. "Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi alitazama mahali pa pampu. "Siku kumi na mbili," akasema. "Pampu niliiuza siku ya nane. Wanangu waliambiwa shuleni baba yenu ni muuaji. Nitakusamehe, lakini si leo. Leo bado nina hasira."

"Una haki."

"Najua nina haki."

Msusi aliona hakuna la kuongeza, akashika usukani ili waondoke. Lakini fundi ni fundi, jicho lake lilishaifikia pikipiki kabla yeye hajataka. "Washa," alisema. Msusi akawasha, injini ikaitika vizuri, ikatulia. Fundi akausukuma usukani wote kushoto. Injini ikapiga ukelele, ikapanda, ikazidi kupanda, hadi alipozima.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi," Msusi alisema.

"Waya wa kuongezea mwendo umeupitisha mbele ya shingo ya usukani. Ni mfupi huko. Kila akikata kona ya kushoto, usukani unauvuta, pikipiki inajiongeza mafuta yenyewe. Kesho alfajiri, na madumu yamejaa." Hakumalizia.

Msusi alishika kiti cha pikipiki. Alikuwa amefunga boliti nne, raba mbili, skrubu zote, na bado alikuwa karibu kumwangusha mumewe mara ya pili kwa mikono yake hiyo hiyo. Machozi yalimjia, akayazuia.

"Nifanyeje?" akauliza.

Fundi alichukua spana kibandani, akainama kuanza kazi. Kisha akabadili nia, akamnyooshea Msusi ile spana. "Fungua wewe. Mimi nitaelekeza. La sivyo kesho kutwa utarudia."

Akafungua. Fundi alielekeza kwa kidole, maneno machache: hapa, nyuma ya shingo, chini ya taa, usibane, upe waya nafasi ya kupumua. Maziwa alishika taa ya simu kwa mkono wake mzima, hakutoa amri hata moja. Wakawasha tena. Kushoto, injini imetulia. Kulia, imetulia. Fundi akashika raba zote mbili, akavuta kwa nguvu zake zote, akazigeuzageuza, akainusa mikono.

"Umepaka nini?"

"Dawa ya nywele."

Fundi aliguna. Hakusema ni vizuri, hakusema ni vibaya.

"Ni kiasi gani?" Maziwa akauliza akitia mkono mfukoni.

"Pesa yako sitaki. Unapeleka maziwa nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Zote zilisikia habari zangu?"

Maziwa alifikiri, ingawa jibu alilijua. "Zote."

"Basi utapita zote. Usukani kafunga mke wako. Waya nimeelekeza mimi. Mafuta ulipaka wewe. Sema hivyo hivyo, usiongeze na usipunguze."

*

Alfajiri Maziwa alifungua bandeji, akakunja na kukunjua vidole, akapanda. Msusi alikaa nyuma akiyashika madumu, maana kifundo kilikuwa bado hakijapata nguvu, na maana alitaka kusikia. Walikata kona tatu za kushoto, na kila kona alibana pumzi, na kila kona pikipiki ilikwenda kama ilivyoambiwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mwenye mgahawa. Alitoka na sufuria, amejaa furaha. "Umepona! Na usukani mpya! Nambie umepata fundi wa maana, siyo yule muuaji wenu."

Maziwa aliteremka. Aliweka dumu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama mkewe, kisha akamtazama yule mama.

"Usukani kafunga mke wangu," alisema. "Waya kaelekeza fundi, yule yule. Mafuta nilipaka mimi."

"Mafuta gani tena?"

Maziwa akavuta pumzi, akaanza kumweleza. Zilikuwa zimebaki nyumba thelathini.